Sauti Ipite Kwanza

Kalekye hakuwa mtu wa kuruka salamu. Alikuwa amezika mume, amelea watoto wake na wa watu, na hakuona kwa nini simu imvue adabu aliyotoka nayo kwao Mbooni. Kila Jumapili saa kumi alasiri alikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la Mwongeli, mke wa mwanawe, katika mji mdogo wa Kwa Vonza, akaishika simu kwa mikono miwili, akaita kwa sauti ya kuvuka bonde:

"Wakya?"

Kisha akangoja. Mkamba akikuamkia hivyo unajibu "Aa," na kabla hiyo "Aa" haijafika hakuna jambo lingine linaloweza kusemwa, hata kama nyumba inaungua. Nthiwa, mwanawe, aliyekuwa akitunza wazee huko Leeds, Uingereza, alijibu. Alijibu kila mara. Lakini jibu lake liliingia mtandaoni likazurura kama mbuzi asiye na mchungaji, na kabla halijafika mama alikuwa ameshaamkia tena, ile "Aa" ikamwangukia katikati ya salamu ya pili, naye akaiona ni utovu wa adabu, akaanza upya.

"Huyu mtoto haniitikii," alimwambia Mwongeli. "Wazungu wamemfundisha kiburi."

"Anaitikia, mwaitu," Mwongeli akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni network."

"Network ni ya nani?"

Network ilikuwa ya Mwongeli.

Mwongeli aliuza WiFi. Alianza na mashine ya fotokopi, kwa kuwa wanafunzi wa chuo cha jirani hawaishiwi na karatasi za kunakili, kisha akaona karatasi zinapungua na simu zinaongezeka. Akanunua laini ya intaneti kutoka kwa kampuni moja yenye mnara kando ya barabara, akaigawa kwa hosteli, maduka na nyumba zilizomzunguka. Nthiwa ndiye aliyepanda paani kufunga mlingoti, wiki chache kabla ya kusafiri. "Ndio tuwe tunaongea," alisema akiwa juu huko, misumari mdomoni. Wakati ule alikuwa muuguzi Kitui mjini. Uingereza ikamtaka, ikamchukua, na miaka minne ikapita yeye akiwalisha wazee wa watu uji wa shayiri, huku mama yake mwenyewe akizeekea Kwa Vonza.

Nisizunguke mbuyu: Mwongeli alikuwa na hamu na mumewe, hamu ya kuuma mifupani. Haikuwa hamu ya picha. Picha alitumiwa tele, Nthiwa kwenye theluji, Nthiwa na koti jipya, Nthiwa ameegemea gari la mtu. Alitaka sauti. Alitaka ile sauti nzito ya mtu aliye ndani ya nyumba, anayeuliza spana iko wapi huku ameikanyaga. Na zaidi ya hayo alitaka kusikia jambo moja, kwamba Desemba atakuja nyumbani. Desemba huku kwetu si mwezi tu. Hata asiye na nauli hufika, akikopa, akibebwa na lori la saruji, mradi afike. Nthiwa alikuwa amekosa Desemba nne, na ya tano ilikuwa inakaribia.

Kila Mwongeli alipouliza, sauti ilivunjika. Ilikuja vipande vipande, kama redio ambayo betri zake zimeanikwa juani mara ya nne. Kipande cha jina lake, kipande cha "tutaongea", kimya, kisha "unaniskia?" Naye alisema "nakuskia," wakati ambapo kitu pekee alichosikia ni hilo swali. Wakaagana. Usiku alikaa akiyajaza mapengo kwa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo, bila shaka, yalikuwa matamu.

Lakini Kalekye alipomuuliza network ni ya nani, aibu ilimpata. Mtu hawezi kuuza maji mji mzima halafu mama mkwe wake afe kwa kiu. Wiki ile, wanafunzi wakiwa darasani, alikaa mbele ya kompyuta akatazama mafunzo ya watu wanaojua mambo ya mitandao, akasimamisha, akarudisha, akaandika kiganjani. Mwalimu mmoja wa video alichora mishale mpaka kichwa kikamuuma. Alielewa siku aliyokwenda mwenyewe kioskini kuteka maji.

Kwenye kioski cha maji cha Kwa Vonza watu hawapangi foleni. Mitungi ndiyo hupanga. Unaweka mtungi wako kwenye mstari, unakwenda kupiga domo kivulini, na kila mtungi unamjua mwenyewe. Siku hiyo mbele kabisa palikuwa na punda wa mtu wa kuuza maji, punda watatu, kila mmoja na mitungi minne. Nyuma yao alisimama mama mwenye kibuyu kidogo cha plastiki na mtoto mgongoni. Hakuna aliyesema kitu. Mwenye punda alivuta mtungi wake nje ya bomba, mama akajaza kibuyu, akaondoka, na mitungi ya punda ikaendelea. Hakuna aliyepungukiwa. Nyumba yenye matanga hupishwa, nyumba yenye mtoto mchanga hupishwa, na mwenye mgeni hupishwa. Ndiyo heshima ya pale, na anayeikataa huzungumzwa mwezi mzima.

Mwongeli alisimama na mtungi wake mtupu akacheka peke yake. Sauti ya mtu ikipita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande ni kibuyu kile. Sinema anayoteremsha mwanafunzi kule hosteli ni punda watatu. Sinema ikichelewa hapotei mtu. Hujaza sehemu ya mbele, ikangoja, ikaendelea. Kipande cha sauti kikichelewa hakifai tena, hutupwa, kwa kuwa hakuna anayeitikia salamu kesho yake. Na rauta yake, ile mashine ya kugawa intaneti, maskini, haikuwa na adabu yoyote. Ilihudumia aliyetangulia kufika, na waliotangulia walikuwa punda siku zote, hasa Jumapili saa kumi, wakati hosteli nzima inatazama mpira.

Alirudi dukani akaanza kazi. Alipunguza kasi ya laini yake kidogo chini ya ile aliyouziwa, ili foleni ijipange kwake dukani na si kule mnarani ambako hana usemi. Kisha akatengeneza foleni mpya akaiita MBELE. Alijaribu kuifundisha rauta itambue sauti na kuiacha sinema, lakini programu za siku hizi hufunika mizigo yao, sauti na sinema zote zimevaa buibui, huwezi kujua nani ni nani. Basi akaiamuru kwa njia ya mkato: chochote kinachotoka au kwenda kwa simu hii yangu, kipite kwanza.

Jumapili Kalekye akakaa kwenye kiti chake, akashika simu, akavuta pumzi.

"Wakya?"

"Aa, mwaitu."

Mama akageuza simu akatazama nyuma yake. Aliirudisha usoni polepole. "Nthiwa?"

"Ni mimi, mwaitu. Mguu unaendelea aje?"

Kalekye hakuzungumzia mguu. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akaanza kumpa habari za mbuzi aliyezaa mapacha, za jirani aliyehamia mji wa Salama, za mvua iliyopita juu bila kusimama. Kila alipotua, Nthiwa alisema "ii" pale pale palipohitaji "ii". Walikuwa hawajaongea hivyo tangu aondoke.

Simu ilipomfikia Mwongeli alikwenda nayo nyuma ya duka, kwenye chumba cha kaunta ndogo na rauta. Alisikia ndara za Nthiwa zikiburuta sakafuni. Alisikia kabati likifunguliwa, kijiko kikigonga kikombe. Alisikia mtu anavuta kamasi.

"Una homa?"

"Kidogo tu. Umejuaje?"

"Nimeskia pua."

Wakacheka, na wakacheka kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, kaa miaka minne ukicheka, kisha ungoje, kisha usikie mwenzako anacheka wakati wewe umeshamaliza. Mwongeli alishika ukingo wa kaunta. Usiku huo hakujaza pengo lolote, alilala tu.

Jumapili iliyofuata akauliza. Alikuwa amejipanga, ameandaa sauti nyepesi. Walikuwa wakizungumza juu ya Mumbua, binti yao aliye shule ya bweni, jinsi alivyorefuka hata sare imekuwa fupi. Nthiwa alikuwa ameweka birika jikoni.

"Atakuwa amefunga shule ukija," Mwongeli alisema. "Desemba unakuja, sivyo?"

Kimya.

Alitazama skrini ya rauta kwa mazoea. Laini ya foleni ya MBELE ilikuwa safi, haikupoteza hata kipande kimoja. Huenda ni upande wake, akajiambia, huko Leeds nako kuna mitandao mibovu. Lakini birika lilikuwa linasikika. Lilianza kunguruma kwa mbali, likapanda, likapanda zaidi, mvuke ukaanza kupiga kelele, likachemka kabisa, likajizima kwa mlio wa swichi. Hakuna sehemu iliyoruka. Birika zima lilichemka sikioni mwake kutoka mwanzo hadi mwisho, na mumewe amesimama kando yake hasemi neno.

"Mwongeli?" Nthiwa akasema hatimaye. "Umepotea hapo kidogo. Hii network. Ulikuwa unasema?"

Ewe Nthiwa. Wadanganye watu wote kuhusu network, lakini si mwenye network.

"Ee, imekata," Mwongeli alijibu. Akaitukana kazi ya mikono yake mwenyewe. "Network ya huku ni mbaya sana. Nilikuwa nasema Mumbua amerefuka."

"Hiyo niliskia," akasema Nthiwa, na sauti yake ilikuwa na shukrani ndani yake, shukrani safi isiyopoteza hata kipande.

Hasira ingemfaa, lakini haikuja. Kilichokuja ni baridi. Miaka yote ile alikuwa ameyalilia mapengo, na kumbe mapengo ndiyo yaliyokuwa yakimtunza. Ndani yake kulikuwa na Desemba. Sasa alikuwa ameyaziba kwa mikono yake, na hapakuwa tena na pa kuiweka.

Siku ya pili akaja Mahamud. Huyu ni mtu wa Garissa, ana duka la mablanketi na nguo mkabala na duka la Mwongeli, na mlango wake huwa wazi kwa hiyo masikio yake pia.

"Dada," alisema, "jana mama aliongea na Ulaya kama ameketi naye jiko moja. Mimi na Intisar, dada yangu wa Minnesota, tunapigiana hello hello mpaka bando inaisha. Umefanya nini? Niweke na mimi hapo."

Mwongeli angeweza kumweleza. Angeweza kusema foleni ya mbele ni nyembamba. Akaandika simu ya Mahamud kwenye MBELE.

Habari za kupishwa hazifichiki. Akaja daktari wa zahanati, ana mgonjwa anayetaka ushauri wa Nairobi. Akaja mwenye hosteli, mwanawe anafanya mahojiano ya kazi. Akaja Pasta Nzau, ambaye kanisa lake hurusha ibada ya alasiri moja kwa moja mtandaoni, kamera mbili na kwaya. "Sister, neno la Mungu linakatakata," akasema. "Watu wa Kikima wananipigia wanauliza kama nimepatwa na kifafa." Nani atamwambia mchungaji akae nyuma ya foleni? Kwenye kioski cha maji hakuna aliyewahi kusema hapana kwa mtu aliyetaja mgonjwa, mgeni au Mungu. Mwongeli aliwaandika wote.

Kosa hilo lingefanywa na yeyote aliyelelewa pale. Mji mzima ukipishwa, hakuna aliyepishwa. Ibada peke yake, na kwaya yake, ilikuwa punda sita. Lakini mimi nitasema jambo ambalo yeye hakulisema wakati ule: hakusita. Kila aliyekuja alimwandika upesi, hata kabla hajamaliza kuomba, kwa mkono wa mtu anayerudisha kitu kilichomchoma.

Na Jumapili ikarudi ilivyokuwa. Sauti ya Nthiwa ikavunjika, naye akasikika ametulia. "Unaniskia?" "Nakuskia." Mwongeli aliuliza juu ya Desemba kwa ujasiri mkubwa, kwa kuwa alijua jibu halitafika, na lilipokosa kufika alilala akilijaza mwenyewe. Walikuwa na amani ya ajabu. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka wazeeke.

Aliyeumia ni Kalekye.

"Wakya? ... Wakya? ... Wakya?"

Alimrudishia Mwongeli simu. Hakulalamika kwamba mtoto ana kiburi, na hilo ndilo lililomtisha Mwongeli. Jumapili iliyofuata kiti cha plastiki kilikuwa tupu. Alimkuta nyumbani akichambua pojo kwenye ungo, miguu ameinyoosha.

"Huendi kuongea na Nthiwa, mwaitu?"

"Nenda wewe. Mwambie nimemwamkia." Aliokota kijiwe akakitupa. "Zamani hakuwa anasikia, uliniambia. Halafu akasikia, akaniitikia vizuri, Jumapili mbili. Sasa amechoka na mimi. Mzee akijirudia sana huchosha, Mama Mumbua. Mimi simlaumu."

"Si hivyo, mwaitu. Ni network."

"Ulisema umeitengeneza."

Mwongeli alisimama pale mlangoni. Alikuwa ameitengeneza. Alikuwa pia ameiharibu, ili yeye apate pa kujificha, na ndani ya uharibifu huo mama wa watu alikuwa amejifunza kwamba mwanawe hampendi. Alihisi haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Wiki ile alizunguka. Hakutaka kuwaondoa watu kisirisiri, maana anayetolewa kwenye foleni huambiwa. Daktari alielewa, akaomba tu apishwe siku ya mgonjwa. Mwenye hosteli alinuna. Mahamud aliweka chini blanketi alilokuwa akikunja.

"Nitoe tu, dada," alisema. "Ile wiki ya kwanza tulisikizana vizuri sana, mimi na Intisar. Tukagombana juu ya kaburi la baba. Miaka kumi hatujawahi gombana." Akacheka, kisha hakucheka. "Hata hivyo ilikuwa vizuri."

Pasta Nzau alikuwa mgumu zaidi. "Hata ibada, sister?"

"Hata ibada, pasta. Kwa muda wa saa moja tu."

"Na ni nini kinapita mbele ya ibada?"

"Mama anataka kusalimia mtoto wake," Mwongeli alisema.

Jumapili, saa kumi, alimleta Kalekye kwa kumshika mkono. Mama alishika simu bila moyo, kama mtu anayekunywa dawa.

"Wakya," alisema polepole, hata hakuuliza.

"Aa, mwaitu," Nthiwa akajibu papo hapo. "Nimekutafuta wiki mbili. Umenikasirikia?"

Kalekye aliongea mpaka chai ikapoa. Alipomaliza alinyanyuka mwenyewe, akasema anakwenda kuwaangalia wale mbuzi mapacha, akatoka na fimbo yake akitembea wima. Mwongeli akafunga mlango wa nyuma, akakaa mbele ya rauta. Hakuitazama.

"Nthiwa."

"Ee."

"Ile siku nilikuuliza Desemba, ukasingizia network. Haikukata. Nilisikia birika lako likichemka mpaka likajizima."

Kimya kikaja, na mara hii hakuna aliyekisingizia kitu. Alimsikia akivuta kiti. Alimsikia akikaa.

"Nilijua umejua," Nthiwa akasema. "Ulisema imekata haraka sana."

"Basi nijibu."

"Sitakuja Desemba."

Lilifika zima. Mwongeli alilisikia kila silabi, hata ulimi ulivyogusa meno. Alikuwa amejenga barabara nzuri, na hiki ndicho kilichopita juu yake.

"Walikunyima likizo?"

"Likizo ninayo. Nimewekewa siku nyingi, zinakaa tu. Nilisign mkataba tena, Mwongeli. Miaka mitatu. Mwezi wa tatu nilisign."

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

"Na likizo unayo. Si uje hata wiki moja uone mtoto? Uone mama?" Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Unione?"

"Siwezi kuja wiki moja. Ile asubuhi naondoka, nilipanda gari nikainama nikaangalia viatu vyangu mpaka Machakos. Sikuangalia nyuma kwa sababu ningeshuka. Nikija, nitaondoka tena. Hiyo ya kuondoka ndiyo siwezi. Ya kukaa huku naiweza, nimeizoea. Ya kukaa huko na Mumbua asisome, hiyo pia siwezi. Lakini kufunga ile geti mara ya pili na wewe umesimama ndani, Mwongeli, nitakufa. Nakuambia ukweli."

Mwongeli alitaka kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Alitaka pia kupita ndani ya ule waya, kichwa, mabega, mwili mzima, amshike shingoni. Yote mawili yalimjia pamoja akashindwa kuchagua.

"Kwa hivyo wewe hutaki kuumia mara moja," alisema. "Unataka tuumie sote polepole."

"Ee," Nthiwa akasema. "Ndivyo nimefanya."

Hakujitetea zaidi, na kwa sababu hakujitetea, Mwongeli alimwamini. Hapakuwa na mwanamke mwingine jikoni mle. Angemsikia. Palikuwa na mtu mmoja, kiti kimoja, na birika.

Kutoka hosteli zilisikika kelele za wanafunzi, mpira umewagandia wakati wa penalti. Mwongeli alijifuta uso kwa leso.

"Sauti yako imechoka," alisema.

"Nilikuwa night. Sijalala tangu jana."

"Basi lala."

"Nikate?"

"Usikate." Lilimtoka kwa haraka kuliko alivyotaka. "Usiseme kitu tena, na usikate. Weka simu hapo kwa mto. Ulale tu."

Alisikia ndara, kisha kitanda kikilalamika, kisha shuka likivutwa. Simu ikawekwa juu ya kitu laini na dunia ya Leeds ikawa nzito na ya karibu. Pumzi moja, pumzi nyingine. Zikaanza kurefuka. Na baadaye, kwa chini, kwa kukwaruza, ikaanza ile sauti ambayo hakuna mtu huko ughaibuni aliyewahi kufikiria kumtumia kwenye picha. Nthiwa alikuwa anakoroma.

Mwongeli aliweka kiganja mdomoni.

Mlango wa mbele ukagongwa, ukafunguliwa. Alikuwa Pasta Nzau, suti imejaa vumbi la barabara. "Sister, samahani, kwaya imeganda midomo wazi. Saa moja si imeisha? Huyo unayeongea naye hajamaliza?"

"Bado," Mwongeli alinong'ona. "Amelala."

"Amelala?" Pasta akashangaa. "Sasa foleni ya mbele inapitisha nini?"

Mwongeli hakujua namna ya kumweleza, kwa hiyo alimnyooshea simu. Pasta akainama akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaunyanyua mlango ili bawaba zisilie, akatoka, na huko nje alisikika akiwaambia watu waliomfuata kwamba wangoje, kuna kitu kinapita.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati ya duka la Mahamud. Mwongeli alilaza kichwa juu ya kaunta, simu akaiweka upande wa kushoto, karibu na sikio. Nthiwa akageuka kitandani, na mkoromo ukapanda, mkubwa, wa kukera, ule uliomwamsha kila usiku katika miaka yote ya ndoa yao. Macho yamefumba, bila kuwaza, kiwiko cha Mwongeli kikasogea chenyewe kumsukuma ageuke, kikagonga mbao.